Sura ya Saba: Nani Amejibu?

Juu ya ukurasa mweupe kuna utepe wa bluu iliyochanganyika na kijivu, na ndani yake, kwa herufi nyeupe, pameandikwa HTTP Status 500 – Internal Server Error. Chini ya utepe yamepangwa majina marefu ya klasi za Java yaliyounganishwa kwa nukta, kila moja na namba ya mstari wake. Mwisho kabisa limeandikwa jina la seva pamoja na toleo lake: Apache Tomcat. Aliyekuwa akiomba cheti, akilipa ada ya mtoto au akikata tiketi ya basi ameishia hapo. Hajui kama ombi lake limefika, kama pesa imekatwa, kama aanze upya au asubiri.

Ukurasa huo unatengenezwa na kipande kimoja cha Tomcat kiitwacho ErrorReportValve, na kazi yake ni kumsaidia fundi aone programu imekatikia wapi. Haukuandikwa kwa ajili ya mwananchi. Ndiyo maana timu nyingi huandaa kurasa zao za hitilafu, zenye nembo ya taasisi na maneno yanayoeleweka. Sura hii inahusu kinachotokea baada ya hapo: kurasa zimeandaliwa, zimewekwa kwenye seva, zimetajwa kwenye usanidi, na bado anayepata tatizo anaona utepe wa bluu, au ukurasa mweupe usio na neno, au nusu ya ukurasa uliokatika katikati ya jedwali.

Nimeona mafundi wengi, wazuri kabisa, wakikimbilia faili la web.xml mara tu tatizo hili linapotajwa. Wanabadilisha mstari, wanawasha seva upya, wanajaribu, wanabadilisha tena. Mimi nasema faili hilo lisubiri. Kati ya simu ya mtumiaji na msimbo wako kuna wahusika wanne au watano, na kila mmoja ana mamlaka ya kujibu kwa niaba yako. Usipojua nani kati yao ndiye aliyejibu, unarekebisha usanidi wa mtu ambaye hakuulizwa.

Kwanza tujue mkataba wenyewe unasemaje. Tomcat iliandikwa na James Duncan Davidson alipokuwa mwajiriwa wa Sun Microsystems, na mwaka 1999 msimbo wake ukakabidhiwa kwa Apache Software Foundation. Mwaka huohuo toleo la 2.2 la kanuni za servleti lilileta faili la web.xml, na ndani yake elementi ya error-page. Elementi hiyo inafunga vitu viwili pamoja: upande mmoja msimbo wa hitilafu kama 404 au 500, au aina ya eksepsheni kama java.io.IOException, upande wa pili mahali ulipo ukurasa wa kuonyesha, njia inayoanza na mkwaju. Kuanzia Servlet 3.0 inaruhusiwa kuacha upande wa kwanza wazi, na ukurasa huo ukawa wa hitilafu zote ambazo hazijatajwa.

Hitilafu inapotokea, seva hairudi kwa kivinjari kukiambia kiende kwenye anwani nyingine. Inalichukua ombi lilelile na kulipeleka ndani kwa ndani kwenye ukurasa uliotajwa, ikilibandika maelezo: msimbo wa hitilafu, eksepsheni, ujumbe, na anwani iliyoombwa. Kivinjari hakijui kwamba kuna safari ya pili iliyofanyika. Naomba msomaji alishike hilo, maana nusu ya matatizo ya sura hii yanatoka hapo.

Chombo cha kwanza cha uchunguzi si kivinjari. Ni curl, programu ndogo ya mstari wa amri iliyomo karibu katika kila kompyuta ya Linux. Andika curl -i na anwani yenye tatizo, nayo itakuonyesha jibu kama lilivyo: mstari wa kwanza wenye msimbo, heda zote, kisha maandishi ya ukurasa. Usitumie -I ya herufi kubwa. Hiyo hutuma ombi la aina ya HEAD, ambalo halirudishi maandishi ya ukurasa, na baadhi ya programu hulishughulikia tofauti na GET. Unaweza kupoteza asubuhi nzima ukichunguza ombi ambalo hakuna mtumiaji aliyelituma.

Kisha rudia amri hiyohiyo kutoka ndani ya seva yenyewe, ukiipigia Tomcat moja kwa moja kwenye mlango wake, ambao bila kubadilishwa ni 8080. Sasa una majibu mawili: lililopita njia yote ya kawaida, na lililotoka kwa Tomcat bila kupitia kwa mtu. Yakifanana, tatizo liko Tomcat au ndani ya programu. Yakitofautiana, kuna mtu wa kati aliyejibu. Usitegemee heda ya Server kukuambia ni nani. Nginx ikiwa mbele, huandika jina lake hata kwenye majibu iliyoyapokea kutoka nyuma. Shahidi wa kuaminika zaidi ni logi ya maombi ya Tomcat, faili linaloanza na localhost_access_log. Kama ombi lako halimo humo, Tomcat haikujibu chochote, na web.xml yako haina hatia.

Wakati mwingine aliyejibu ni kivinjari chenyewe. Internet Explorer, hadi ilipostaafishwa Juni 2022, ilikuwa na tabia ya kuutupa ukurasa wa hitilafu wa seva na kuonyesha wake, kama ukurasa wa 404 au 500 ulikuwa mfupi kuliko baiti 512. Mafundi wa zamani waliandika maoni marefu yasiyo na maana chini ya kurasa zao ili tu zipite kipimo hicho, na mpaka leo utakuta kurasa zilizorithiwa zenye mistari hiyo ya kujazia. Ukiikuta, sasa unajua ilitoka wapi.

Mtu wa kati anayejibu mara nyingi zaidi ni proksi. Karibu kila mfumo mkubwa una Nginx au Apache httpd mbele, inayoshika cheti cha usalama na kugawa maombi kwa seva za nyuma. Tomcat ikiwa imezimwa, hakuna wa kusoma web.xml, proksi inagonga mlango, inakosa mtu, na inajibu yenyewe kwa 502. Tomcat ikichelewa, proksi inasubiri mpaka muda wake uishe, ambao kwa Nginx ni sekunde 60 usipoubadilisha, kisha inajibu 504. Hitilafu hizo mbili haziwezi kamwe kuonyeshwa na ukurasa ulio ndani ya programu. Zinahitaji ukurasa wake kwenye usanidi wa proksi: kwa Nginx ni agizo la error_page, kwa httpd ni ErrorDocument. Logi ya hitilafu ya Nginx inazitofautisha waziwazi: ya kwanza inataja muunganisho uliokataliwa, ya pili inataja muda uliokwisha.

Hiyo 504 ni hatari kuliko inavyoonekana. Proksi ikichoka kusubiri, Tomcat haiambiwi iache. Msimbo wako unaendelea: unaita mfumo wa malipo, unaandika kwenye hifadhidata, unamaliza, na huenda kwenye logi ya Tomcat ombi likaonekana limefanikiwa kwa 200. Mtumiaji ameshasoma kwamba imeshindikana. Anabonyeza tena. Kwenye mfumo unaopokea pesa kwa simu, huyo anaweza kukatwa mara mbili, na ukurasa wa hitilafu ndio uliomwelekeza huko. Nitarudi kwenye maneno yanayopaswa kuandikwa pale. Kwa sasa ijulikane tu kwamba proksi inaposema imeshindwa, maana yake ni kwamba yenyewe haikupata jibu. Haijui chochote kuhusu kazi yenyewe.

Proksi inaweza pia kukosea upande wa pili. Ukiwasha proxy_intercept_errors kwenye Nginx, au ProxyErrorOverride kwenye httpd, kila hitilafu inayotoka nyuma na ambayo proksi ina ukurasa wake itabadilishwa, hata kama programu ilikuwa imeandaa jibu zuri lenye namba ya kumbukumbu. Programu za simu zinaumia zaidi hapa: zilitarajia JSON inayosema salio halitoshi, zinapokea ukurasa wa HTML wenye nembo. Agizo la Nginx bila kuguswa huwa limezimwa. Ukilikuta limewashwa, tafuta aliyeliwasha na sababu yake kabla ya kulizima.

Tuseme sasa ombi limeifikia Tomcat kweli. Bado halijaifikia programu yako. Linapokelewa kwanza na konekta, ambayo kazi yake ni kusoma mistari ya HTTP na kuhakikisha imeandikwa sawasawa. Kuanzia matoleo ya mwisho wa 2016, Tomcat iliacha kuvumilia anwani zenye herufi zisizoruhusiwa, kama mabano ya mawimbi au kistari wima ambavyo havijasimbwa. Ombi la namna hiyo linapewa 400 mlangoni, kabla halijagawiwa programu yoyote, kwa hiyo web.xml ya programu haina nafasi ya kusema neno. Mifumo mingi iliyokuwa ikifanya kazi kwa miaka ilianza kutoa 400 baada ya kupandishwa toleo, na timu zikatafuta kosa kwenye msimbo ambao haukuwahi hata kuitwa. Dawa ya kweli ni kurekebisha anayetuma anwani hizo. Ya muda ni sifa ya relaxedQueryChars kwenye konekta.

Halafu kuna mgawanyo wa programu. Ukurasa wako wa 404 uliotajwa ndani ya programu iliyoko /maombi unahudumia anwani zilizo chini ya /maombi tu. Mtu akikosea herufi moja akaandika /mombi, ombi linaenda kwenye programu ya ROOT, ile inayokuja na Tomcat yenyewe, ambayo haijui lolote kuhusu ukurasa wako. Fundi anajaribu /maombi/hakuna na kuona ukurasa mzuri, mtumiaji anaona utepe wa bluu, na wote wawili wanasema kweli. Unaweza kuweka error-page kwenye web.xml ya pamoja iliyo katika folda ya conf, lakini njia iliyotajwa humo inatafutwa ndani ya kila programu peke yake, hivyo kila programu lazima iwe na faili hilo.

Suluhisho ninalolipenda ni lile la matoleo ya 8.5 ya baadaye na 9 kuendelea: kuitaja ErrorReportValve waziwazi ndani ya elementi ya Host kwenye server.xml na kuipa sifa kama errorCode.404, ikielekezwa kwenye faili la HTML lililo kwenye diski. Kwa kawaida vali hiyo huongezwa na Tomcat kimyakimya, ndiyo maana huioni kwenye faili. Ukiitaja mwenyewe unapata pia nafasi ya kuweka showReport na showServerInfo kuwa false, na hapo majina ya klasi na toleo la seva yanatoweka machoni pa mgeni. Logi zinabaki na kila kitu.

Sasa tumeingia ndani ya programu, na hapa ndipo penye mambo mengi.

Kanuni za servleti zina njia mbili za kusema jambo limeharibika. Moja ni sendError, nyingine ni setStatus. Zote zinaweza kubeba 404, lakini ni sendError peke yake inayoamsha kurasa za hitilafu. setStatus inaandika namba kwenye jibu na kuishia hapo. Seva inachukulia kwamba programu yenyewe itaandika maandishi ya ukurasa. Programu ikiita setStatus kisha isiandike kitu, mtumiaji anapata ukurasa mtupu. Ukiona mstari wa kwanza wa curl una 404 na chini yake hakuna hata baiti moja, tafuta setStatus kwenye msimbo.

Mara nyingine eksepsheni haifiki kabisa kwenye seva kwa sababu kuna aliyeikamata njiani. Mifumo ya kujengea programu kama Spring ina njia zake za kushughulikia eksepsheni, na ikishaishughulikia, Tomcat haisikii habari. Kwa Spring Boot kuna jambo la ziada ambalo nimeona likiwachosha watu wasiostahili kuchoshwa: Tomcat iliyofungwa ndani ya programu ya Spring Boot haisomi web.xml. Unaweza kuandika error-page mia moja na hakuna atakayezisoma. Aliyejibu ni Spring Boot kupitia njia ya /error, na ukurasa wake wa akiba una kichwa kisemacho Whitelabel Error Page. Ukikiona kichwa hicho, acha web.xml, weka kurasa zako kwenye folda iitwayo error ndani ya templates au static, zikiitwa 404.html au 5xx.html. Ukitumia pia Spring Security 6, hakikisha njia ya /error imeruhusiwa, kwa sababu toleo hilo linakagua ruhusa hata kwenye safari ya ndani ya kwenda kwenye ukurasa wa hitilafu. Mgeni ambaye hajaingia akipata 404 anaishia kuambiwa hana ruhusa.

Tatizo linalonisumbua kuliko yote ni la jibu lililokwisha kuondoka. Programu inapoandika ukurasa, maandishi hayaendi kwa mtumiaji papo hapo. Yanakusanywa kwanza kwenye bafa, ambayo kwa JSP ni kilobaiti 8 usipoibadilisha. Bafa ikijaa, seva inatuma mstari wa kwanza, heda na maandishi yaliyokusanywa. Kuanzia hapo 200 imeshasemwa, na hakuna awezaye kuifuta. Eksepsheni ikitokea baadaye, kwa mfano kwenye safu ya mia nne ya orodha, Tomcat haiwezi tena kubadilisha msimbo kuwa 500 wala kuanza ukurasa mpya. Mtumiaji anaona jedwali lililokatika, pengine limebandikwa ukurasa wa hitilafu chini yake, pengine muunganisho umekatwa tu.

Angalia jinsi hili linavyojificha. Kwenye majaribio, fundi ana safu ishirini za mfano. Ukurasa wote haufiki kilobaiti 8, eksepsheni inatokea kabla ya kitu chochote kuondoka, na ukurasa wa hitilafu unaonekana vizuri kabisa. Timu inaridhika. Kwenye mfumo halisi wenye maelfu ya safu, hitilafu ileile inatoa nusu ya ripoti yenye 200 juu yake. Mfumo wa ufuatiliaji unahesabu 200 hiyo kama mafanikio. Mhasibu anachapisha ripoti hiyo, na kwa kuwa safu zilizopo ni sahihi, hana sababu ya kushuku kwamba nyingine zimekosekana. Kuongeza ukubwa wa bafa kunasogeza mpaka tu. Kinachotibu ni kumaliza kazi zote zinazoweza kushindwa, kusoma hifadhidata na kuita huduma za nje, kabla ya herufi ya kwanza ya ukurasa kuandikwa. Hili ni suala la namna programu ilivyojengwa, na hakuna mstari wa usanidi unaoweza kulifidia.

Inabaki hali moja: ukurasa wako umeitwa kweli, na wenyewe ndio ulioharibika. Hapo rudi kwenye lile nililoomba lishikwe. Kivinjari hakijui kuhusu safari ya ndani, kwa hiyo bado kinaamini kiko kwenye anwani iliyoombwa. Ukurasa wako ukitaja css/mtindo.css bila mkwaju wa mwanzo, na mtu alikuwa akitafuta /maombi/malipo/risiti, kivinjari kitatafuta /maombi/malipo/css/mtindo.css. Faili hilo halipo. Ukurasa unatokea bila rangi wala mpangilio, na kila picha iliyokosekana inaamsha ukurasa wa 404 mwingine nyuma ya pazia. Andika njia kamili, ukianzia na jina la programu.

Vichujio navyo vinahusika. Tangu Servlet 2.4 kila kichujio kinaweza kutaja ni safari zipi kinazihudumia, na kisipotaja kitu kinahudumia maombi ya moja kwa moja tu. Kichujio kinachoweka lugha au jina la aliyeingia hakitapita kwenye ukurasa wa hitilafu mpaka kiandikiwe ERROR kwenye orodha yake ya dispatcher. Hapo ndipo ukurasa unapokuta kitu ulichokitegemea hakipo, unatoa eksepsheni yake, na Tomcat, ikiona ukurasa wa hitilafu nao umeanguka, inarudi kwenye utepe wa bluu. Jambo hilohilo linatokea pale ukurasa wa 500 unapobeba kichwa cha tovuti chenye jina la mtumiaji kutoka hifadhidata. Hifadhidata imeanguka, ndiyo maana tuko kwenye 500, na ukurasa wa kutangaza hivyo unaanza kwa kuiuliza hifadhidata.

Na katika matoleo mengi safari ya ndani inabeba aina ya ombi la mwanzo. Fomu iliyotumwa kwa POST inapoharibika, ukurasa wa hitilafu unaitwa kwa POST. Ukurasa huo ukiwa ni servleti inayojua GET peke yake, utajibu 405, na mtumiaji ataambiwa njia yake hairuhusiwi ilhali tatizo lilikuwa jingine kabisa. Mwaka 2017 tabia hii ilionekana kuwa na sura nzito zaidi, ikapewa namba CVE-2017-5664. Kama ukurasa wa hitilafu ulikuwa faili la kawaida, na servleti ya faili ilikuwa imeruhusiwa kuandika, ombi la PUT au DELETE lililoshindwa lingeweza kubadilisha au kufuta faili lenyewe la ukurasa wa hitilafu. Tomcat ilirekebishwa, kwa tawi la 8.5 kuanzia 8.5.15. Nikikuta seva ambayo ukurasa wake wa hitilafu umetoweka kwenye diski na hakuna aliyeufuta, toleo la Tomcat ndilo jambo la kwanza ninaloliangalia.

Wanaohamia Tomcat 10 wana mtego wao. Java EE ilipotoka Oracle kwenda Eclipse Foundation, jina la javax halikuweza kuendelea kutumika, na vifurushi vikawa jakarta. Msimbo wa Java usiobadilishwa unakataliwa na kikusanyaji, kwa hiyo kila mtu anaurekebisha. Lakini ukurasa wa JSP unaosoma msimbo wa hitilafu kwa kutaja javax.servlet.error.status_code umeliandika jina hilo kama maandishi ndani ya alama za nukuu, na hakuna kikusanyaji kinachokagua maandishi. Ukurasa unatokea vizuri, ila mahali pa namba pamebaki patupu. Tumia majina yaliyomo kwenye klasi ya RequestDispatcher, kama ERROR_STATUS_CODE. Hayo yanahama pamoja na klasi yao.

Kosa moja kwenye ukurasa wa hitilafu linaweza kugharimu kuliko hitilafu iliyouita. Machi 2017 ilitangazwa kasoro ya Apache Struts 2, CVE-2017-5638. Ombi la kupakia faili lilipokuja na heda ya Content-Type isiyo sahihi, Struts ilitunga ujumbe wa hitilafu, na katika kuutunga ilichukua maandishi ya mgeni na kuyatekeleza kama amri. Kwa kasoro hiyo wavamizi waliingia kwenye mifumo ya Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, na Septemba mwaka huo ikatangazwa kwamba data za watu zilikuwa zimechukuliwa. Hesabu ya mwisho ilikuwa watu takriban milioni 147. Mlango ulikuwa ujumbe wa hitilafu. Kwa hiyo anwani iliyoombwa, ujumbe wa eksepsheni, jina la faili, chochote kilichoandikwa na mgeni, kisirudishwe kwenye ukurasa bila kusafishwa. Mara nyingi hakuna sababu ya kukirudisha kabisa.

Maneno yenyewe sasa. Kurasa nyingi za Kiswahili nilizozisoma zinasema kuna hitilafu, tafadhali wasiliana na msimamizi wa mfumo. Mzazi aliyeko Sumbawanga hamjui msimamizi wa mfumo, na hakuna namba ya simu hapo. Anachohitaji ni majibu ya maswali matatu: je, kazi yangu imehifadhiwa, je, nijaribu tena, na nikipiga simu nitaje nini. Ukurasa wa 404 hauna haja ya kuomba radhi kwa kirefu. Unahitaji kiungo cha kurudi mwanzo na mahali pa kutafuta. Ukurasa wa 500 au 504 kwenye njia ya malipo unahitaji sentensi kama hii: “Bado hatujaweza kuthibitisha malipo yako. Ukiwa umepokea ujumbe wa kukatwa pesa, usilipe tena; angalia hali ya malipo hapa.” Na kiungo hicho kiende kwenye ukurasa unaosoma kumbukumbu za malipo zenyewe.

Namba ya kumbukumbu iwe fupi ya kusomeka kwa simu, isiyochanganya sifuri na herufi O, na iwe ileile inayoandikwa kwenye logi pamoja na eksepsheni nzima. Namba isiyopatikana kwenye logi inampotezea muda mtumiaji na anayempokelea simu.

Msimbo wa jibu nao ubaki wa kweli. Kuna timu zinazotuma ukurasa wa hitilafu kwa 200 ili ripoti ya mwezi ipendeze, au kwa bahati mbaya, kwa kuelekeza kivinjari upya kwenda /hitilafu.html. Injini za utafutaji zinaingiza ukurasa huo kwenye orodha zao kama ukurasa halali, na programu za simu zinaamini ombi limefanikiwa. Mfumo ukifungwa kwa matengenezo, msimbo ni 503, ukiambatana na heda ya Retry-After inayotaja baada ya muda gani mtu arudi.

Kabla ya mfumo kufunguliwa kwa watu, kila mmoja wa hawa wajibuji ajaribiwe kwa makusudi, si 404 pekee. Omba anwani iliyo nje ya programu. Tuma anwani yenye kistari wima. Tuma fomu kwa POST huku hifadhidata imezimwa. Toa ripoti yenye safu elfu kadhaa na uiharibu kwenye safu ya mwisho. Chelewesha jibu kupita sekunde 60. Mwisho zima Tomcat kabisa na ufungue tovuti kwa simu: ukurasa utakaouona umetunzwa na proksi, kwa hiyo mtindo wake uandikwe ndani ya faili lilelile na nembo yake isitegemee anwani yoyote inayohudumiwa na Tomcat.